Patroni, Tukupe?

Ninyi mlionisoma juma lililopita mlinicheka. Na wale mnaojidai hamkucheka, nimewasikia. Hapa Kasongo hata muuza chumvi ananisimamisha njiani: "Iliasi, ile gari yako imefika, ama inakuja kwa miguu?"

Chekeni tu. Kicheko hakilipiwi kodi.

Kwa aliyeingia leo katika masaibu yangu, nitasema kwa kifupi, maana kukaa juu ya maneno siwezi. Kukaa popote siwezi. Mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono.

Nataka kumuoa Soraya, binti wa Mzee Kamaldine. Soraya ananitaka. Mahari tumepatana. Kilichobaki ni sharti moja la baba yake: binti yake hatoki nyumbani juu ya pikipiki. Atatoka juu ya magurudumu manne, ama hatoki.

Msiseme mzee ana majivuno. Binti yake mkubwa, Djamila, alitolewa kwa pikipiki, na nguo yake ya harusi, apelekwe kwa mume kule Wamaza. Juu ya kilalo, daraja la magogo, pikipiki ikateleza, ikaangukia mtoni na bibi harusi wake. Mguu ukavunjika mahali pabaya. Watu wa bwana harusi walikuja kumtazama kitandani, wakanong'onezana, wakadai mahari yao irudi.

"Sisi tuliposa muzima," walisema, na mwenyewe anasikia.

Tangu siku hiyo Djamila anachechemea, na tangu siku hiyo Kamaldine ana kiapo chake.

Haya, Kasongo yetu hii utapata wapi magurudumu manne ya kumtolea bibi harusi? Nilikwisha kuwaeleza. Gari ya watu wa misaada: dereva akasema inabeba dawa, haibebi maharusi. Gari ya mapadri: padri akacheka, akaniuliza kama niko tayari kubatizwa. Lori la mchele: siku ileile niliyopatana na mwenyewe, ekseli ikavunjika.

Na Shaabani inakwisha. Kwetu Ramadhani ikiingia hakuna harusi, na baada ya Idi kuna kijana mmoja wa Kindu, mtoto wa ndugu yake Kamaldine, amekwisha kuulizia. Mzee aliniambia usoni: "Miye siwezi kuweka binti kama ndizi inangoja mununuzi. Ukishindwa kabla ya mwezi, nitajua umeshindwa."

Basi. Soraya awe mke wangu kabla ya mwezi kuandama, ama nimkose. Mambo yangu yote yako hapo.

Ndipo akatokea Byamungu.

Byamungu ni mtu wa Bukavu, ananunua dhahabu kule Lusangi, na dhahabu ikikosekana anauza chochote kilicho mbele yake. Alinitumia picha kwenye telefone. Gari nyekundu, imeshuka chini kama inataka kulala, pua ndefu. Aina yake Selika, ya Japani.

Nikampigia hapohapo.

"Kaka, hii iko sport," alisema. "Ilikuwa ya mutoto wa tajiri moja wa Kalemie. Baba yake aliona namna anakimbiza, akamunyanganya funguo."

"Iko mpya?"

"Mupya weye utaipata na nini? Gari mupya iko ya waheshimiwa. Hii iko okazioni, ilitumiwa. Lakini Mujapani hachokeshe gari, kaka. Anaitembeza kidogo, anaipangusa, anaiweka."

"Sasa mbona bei iko chini hivi?"

"Sababu iko kupe."

"Kupe nini?"

"Kupe! Milango mbili! Watu wa huku wanataka gari ya kujaza watu na mbuzi na magunia. Kupe haijaze. Inabeba bwana harusi na bibi harusi, na mutu mwembamba nyuma. Si njo hii weye unatafuta?"

Nikaitazama tena picha. Magurudumu yaliyoonekana yalikuwa mawili.

"Na upande wa pili?"

"Iko mbili zingine, Iliasi! Unanifanya mwizi?"

Nilikubali hata hajamaliza kukasirika. Ndiyo tabia yangu, msinifundishe leo. Niliuza pikipiki yangu, nikauza na vitenge vyote vya duka langu mpaka rafu zikabaki mbao tupu. Byamungu akaahidi gari itapita Kabambare kwa dereva wake na kunifikia kabla ya Ijumaa ya harusi.

Nikakimbia kwa Kamaldine. Nasema nikakimbia, ni kweli nilikimbia.

"Baba, nimenunua gari."

Mzee alikuwa barazani na chai yake. "Gari gani?"

"Kupe."

Akaweka kikombe chini polepole. "Kupe iko mududu, Iliasi. Anakaa ndani ya sikio ya mbuzi."

"Hapana, baba, ni Kifaransa. Maana yake gari ya milango miwili."

"Mududu wa kunyonya damu," aliendelea, kana kwamba sikusema. "Mutu anakuuzia gari, anaiita kupe mbele ya macho yako, na weye unatoa mali?"

"Iko na magurudumu manne, baba."

"Ine?"

"Manne kamili."

"Basi. Hata wakiiita chawa. Ikiwa na magurudumu ine, binti anatoka."

Nilitamani kumbusu kichwani. Djamila alikuwa amesimama mlangoni na birika, amesikia yote, anajizuia kucheka.

"Shemeji," alisema, "milango miwili, bwana na bibi harusi wanaingia. Sisi wa nyuma tunapita wapi? Dirishani?"

"Mnakunja kiti cha mbele, mnapita."

"Na huu mguu utapita?"

Aliuliza kwa mzaha, lakini mzaha haukufika machoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Miye njo nitamusindikiza Soraya. Tangu siku ile sijapanda kitu, hata baiskeli. Lakini hiyo ya magurudumu ine nitaipanda."

"Utapita, shemeji. Mimi mwenyewe nitakukunjia kiti."

Akanimiminia chai. Nikaimeza moto, nikaungua ulimi, nikainuka. Kutoka jikoni nikasikia sauti ya Soraya wangu: "Punguza mwendo, bwana! Hata chai unaifukuza!"

Nilitoka pale nikiwa sigusi chini.

Siku mbili zikapita, gari hakuna, dereva hashiki telefone. Mimi huku silali, sili, natembea kutoka sokoni hadi msikitini na kurudi kama mtu aliyepoteza mbuzi. Siku ya Alhamisi Ayoubu, kinyozi, rafiki yangu wa tangu utoto, alinikamata kwa shati.

"Ingia, kaa, nikunyoe. Utaoa na kichwa hiki?"

Nikakaa. Alikuwa amemaliza upande wa kulia telefone yangu ilipolia. Namba siijui. Nikaruka kitini.

"Allo, patroni Iliasi? Miye Mugisho, fundi wa kuunga vyuma. Byamungu amenipatia namba yako. Niko na gari yako huku, mbele ya Wamaza..."

Kisha mikwaruzo. Nikasikia "kilalo", nikasikia "maji", nikasikia "mitumbwi". Katikati hakuna kitu.

"Sema kwa nguvu, fundi!"

"Nasema hivi, patroni: tukupe?"

Wako na gari yangu, na wana adabu ya kuuliza kama wanipe!

"Ndiyo! Mnauliza tena? Mnangoja nini?"

"Tukupe leo hii?"

"Leo hii, sasa hivi!"

"Kabisa kabisa, patroni? Usikuje kutugombeza kesho."

"Nani awagombeze? Kabisa kabisa! Mungu awabariki, ninyi na watoto wenu!"

"Amina, patroni. Tunaanza."

Nikaweka telefone mfukoni, nikawatangazia wote waliokuwa kwa kinyozi. Watu wakapiga makofi. Ayoubu peke yake hakupiga. Alisimama na wembe wake, ananitazama.

"Amesema watakupa wapi?"

"Amesema tukupe."

"Ndiyo, wapi? Na kama ni kukupa, kwa nini akasema 'tunaanza'? Mutu anaanza kukupa gari?"

Niliitoa telefone mfukoni, nikaitazama.

"Huyo fundi ni wa wapi?"

"Kwa lafudhi, wa Bukavu, kama Byamungu."

Ayoubu akaufunga wembe. "Iliasi. Watu wa Bukavu, umeme ukikatika, wanasemaje?"

"Wanauita kura. Wanasema kura imekupe."

"Na rezo ya telefone ikikatika?"

"Wanasema rezo ime..."

Neno halikumalizika mdomoni. Tukupe. Tukate! Fundi ameniuliza kama waikate gari yangu, nami nimesema kabisa kabisa, nikambariki na watoto wake!

Nilipiga namba ile mpaka kidole kikauma. Haipatikani. Ayoubu akatoa pikipiki yake. Tukaondoka vilevile, kichwa changu upande mmoja kimenyolewa, upande mwingine msitu. Njiani watoto walinizomea kijiji baada ya kijiji. Nilikuwa nasema peke yangu mgongoni kwa Ayoubu, "Wasiwe wameanza, Mungu wangu, wasiwe wameanza."

Tulifika mtoni. Kilalo hakipo, mvua imekivunja, magogo mawili tu yamebaki yanachungulia. Na ng'ambo ya pili, upande wa Kabambare, nikaona wekundu wa gari yangu, na juu ya wekundu cheche zinaruka.

"Acheni!" nilipiga kelele. "Acheniii!"

Mtu mmoja ng'ambo akainua mkono, akanipungia kwa furaha.

Mtumbwi ulipotuvusha, cheche zilikuwa zimekwisha. Fundi Mugisho alivua miwani yake, akaja mbio kunishika mkono. Mtu mfupi, mchangamfu, amejaa vumbi la chuma mpaka kwenye nyusi.

"Patroni! Umefika wakati muzuri. Angalia namna imenyooka!"

Nikaangalia. Selika yangu ilikuwa mbili. Ya mbele ina injini, usukani na viti viwili, imekaa kwa makalio kwenye matope. Ya nyuma ina kioo na taa, imeegemezwa kwenye jiwe. Na kweli ilikuwa imenyooka. Hata mkate haukatwi hivyo.

"Nani alikuambia ukate?"

"Weye!"

"Mimi nilisema mnipe!"

"Miye nilikuuliza tukupe, patroni. Ukasema kabisa kabisa. Mashahidi wako hapa, telefone ilikuwa inalia kwa nguvu, wote wamesikia. Ukatubariki."

"Mtu mwenye akili anakata gari nzima?"

"Sasa nifanye nini? Kilalo imeanguka. Gari muzima haiingie katika mutumbwi, nusu inaingia. Tena Byamungu mwenyewe aliniambia, 'Iko gari ya kupe.' Nikajua njo zile. Kwetu gari zinafika ndani ya kontena zimekatwa tayari, tunaziunga, zinatembea. Nikasema, hii wamesahau kuikata."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulikwisha kuinuka. Ayoubu akaushika, akaninong'oneza, "Ukimvunja huyu, ni nani atakuungia?"

Mkono ukashuka. Nikakaa kwenye matope, nikalia. Sioni haya kusema. Duka langu lote, pikipiki yangu, Soraya wangu, vyote viko pale vimekatwa vipande viwili, na kesho ni Ijumaa.

Mugisho akachuchumaa mbele yangu. Naye alikuwa karibu kulia.

"Patroni, pole. Naapa kwa mama yangu. Lakini kukata iko nusu ya kazi tu. Tuvushe vipande vyote, nivushe na jenereta, niunge upande wenu. Kesho saa ya swala gari iko Kasongo. Bei ya kuunga sikuombi."

"Itashika?"

"Itashika."

"Kabisa kabisa?"

"Hilo neno tuliache, patroni," alisema.

Walifunga mitumbwi miwili pamoja, wakapandisha nusu ya nyuma. Ayoubu akavuka nayo, ameikumbatia kama mgonjwa. Ilifika salama. Nikaanza kupumua. Wenye mitumbwi wakageuza kuja kuchukua nusu ya mbele, na mimi, na fundi.

Hawakufika katikati. Huko juu milimani mvua ilikuwa imenyesha, na maji yalishuka mara moja, mekundu, yanabeba migomba mizima na mizizi yake. Wenye mitumbwi wakarudi walikotoka, wakafunga kamba zao kwenye mti.

"Njooni!" niliita. "Nitawalipa mara mbili!"

"Utulipe leo, tuzame, nani atakula kesho?" mmoja akajibu kutoka ng'ambo. "Ngojeni maji yapunguke!"

Kungoja! Mimi niliambiwa ningoje!

Ayoubu akapanda pikipiki kurudi Kasongo kupeleka habari. Mimi na Mugisho tukabaki na nusu gari upande wa Kabambare. Nilitembea kando ya maji mpaka nikachimba njia. Ijumaa ikakucha, maji yaleyale. Adhuhuri ikapita, maji yaleyale. Kwa mara ya kwanza maishani nilikosa swala ya Ijumaa, na ilikuwa Ijumaa ya harusi yangu.

Telefone haikupata rezo mahali popote isipokuwa juu ya paa la gari. Hivyo nilipanda juu ya nusu yangu, Mugisho akiishikilia isibinuke, na ndipo Kamaldine aliponipata.

"Iliasi. Watu wamefika. Wageni wa Kindu wamekaa. Mubuzi ameiva. Weye uko wapi?"

"Mtoni, baba." Nikajua Ayoubu amefika, amejificha, hakuthubutu kueleza.

"Na gari?"

"Iko, baba."

"Magurudumu ine?"

"Manne, baba."

"Yako pamoja?"

Ee Mungu wangu. Nilitafuta uongo, nikaukosa.

"Mawili yako upande wenu, baba. Mawili ninayo mimi."

Nilidhani rezo imekwenda. Kisha nikasikia kitu ambacho hakuna mtu wa Kasongo aliyewahi kukisikia tangu Djamila avunjike mguu. Mzee Kamaldine alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na watu wa barazani wakawa wanamuuliza kuna nini.

"Ilikatwa na nani?"

Nikamweleza, tukupe na yote. Hapo akaacha kucheka.

"Yaani mutu amekuuliza neno, hukulisikia, ukajibu ndiyo."

"Ndiyo, baba."

"Na sasa tena ndiyo." Akavuta pumzi. "Ngoja hapo."

Nilisikia watu wanasemezana mbali na telefone. Sauti ya Kamaldine, sauti ya wageni, sauti ya Kamaldine tena, ndefu. Nikajua mzee anawaambia wageni kilemba cha harusi wampe kijana wa Kindu. Kumbe aliyerudi kwenye telefone alikuwa Sheh Moussa wa msikiti wetu.

"Iliasi, mwanangu, sikiliza vizuri. Jioni ya leo watu watatazama mwezi. Mzee amesema hataki chakula cha harusi kiliwe bila ndoa. Weye huwezi kuvuka, lakini sauti yako inaweza. Mashahidi wako hapa, telefone tutaifungua wote wasikie. Ndoa tufunge. Bibi harusi atabaki kwao mpaka gari iungwe, aje kutolewa kwa heshima. Umeelewa?"

"Nimekubali, sheh!"

"Bado, kijana! Hatujafika hapo!"

Nilisikia baraza zima linacheka, nami nikacheka, machozi yananitoka. Mugisho kule chini akaniinulia macho, akauliza kuna nini. Nikamwambia naozwa.

"Sasa hivi? Juu ya gari?" Akavua kofia yake, akanirushia. "Funika hicho kichwa, patroni. Miye niko Mukatoliki, lakini nitasimama."

Nikavaa kofia. Sauti ya Kamaldine ikaja, nzito, ile ya mtu anayesema mbele ya watu.

"Iliasi bin Assumani."

"Labeka, baba."

"Nimekuozesha binti yangu..." Mikwaruzo. Mikwaruzo kama mchanga unamiminwa kwenye sufuria. "...kwa mahari tuliyopatana."

Jina sikulisikia. Nilisikie la nini? Kwangu mimi duniani kulikuwa na jina moja tu.

"Nimekubali!"

Hakuna aliyepiga takbiri. Sheh Moussa akasema, "Taratibu. Iliasi, jina umelisikia?"

"Nimelisikia, sheh."

"Nakuuliza mara ya pili, mbele ya mashahidi. Jina la binti umelisikia?"

Nyuma yake watu walikuwa wananong'ona. Niliangalia telefone, chaji inakwisha, rezo inacheza kijiti kimoja, na mwezi unakuja, na kijana wa Kindu amekaa palepale anakula mbuzi wangu. Mngefanya nini?

"Nimelisikia, sheh! Nimekubali kumuoa kwa mahari tuliyopatana!"

Ikasomwa Fatiha. Kisha vigelegele vya wanawake, vingi, virefu, mpaka telefone ikawa inapasuka, na rezo ikaondoka.

Niliruka. Paa likabonyea, sikujali. Nikamrukia Mugisho, tukaanguka wote kwenye matope, tunacheka kama wehu. "Sasa weye iko bwana ya mutu!" alikuwa anapiga kelele, na wale wenye mitumbwi ng'ambo, bila kujua habari yenyewe, wakapiga makasia yao kwenye mbao kunishangilia. Nilipiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa gari, kwa mto, hata kwa mashine ya kukatia. Nilitulia. Mimi, Iliasi, nilitulia, huenda kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa.

Nilipanda tena juu ya paa nione kama rezo imerudi. Telefone ikalia mkononi. Soraya!

"Mke wangu!" nilipaza sauti mto mzima usikie.

"Iliasi." Alikuwa ananong'ona. "Umekubali nani?"

"Nani tena? Weye!"

"Baba ametaja jina gani?"

"Soraya, rezo ilikuwa..."

"Ametaja Djamila."

Niliketi. Niliketi juu ya paa lililobonyea, na Mugisho kule chini aliponiona uso akaacha kucheka.

"Ulimi umemteleza," nilisema. "Ni mzee, ulimi umeteleza tu."

"Sijui umeteleza ama amekusudia. Nimemuuliza. Amenijibu, 'Sheh ameuliza mara mbili, na mwanaume amejibu mara mbili.' Kisha akanawa mikono, akaendelea kula."

"Mpe sheh telefone! Mwambie sikusikia kitu! Mwambie..."

"Nisikilize. Mara moja tu katika maisha yako, Iliasi, nisikilize mpaka mwisho."

Nyuma yake vigelegele vilikuwa bado vinaendelea.

"Djamila alikuwa na miye jikoni. Naye hakujua kitu. Aliposikia jina lake, mwiko ulimwanguka. Akasema, 'Baba amekosea, sasa atacheka, sasa atakataa.' Akaziba masikio. Miye njo nilimwondoa mikono, sababu nilitaka tusikie wote ukikataa. Ndipo ikaja sauti yako. Umekubali. Umeulizwa tena, mbele ya wanaume wote na wale wa Kindu, na umekubali tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza."

Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata.

"Tangu aanguke, hakuna mwanaume aliyetaja jina lake bila kutaja na mguu. Sasa yuko chumbani, wanawake wamekwisha kuanza kumpaka ile hina yangu. Analia, Iliasi, ananiomba miye msamaha, na anacheka palepale anapolia. Sijamwona akicheka hivi tangu ile pikipiki. Neno moja tu hajaliamini. Amenituma nikuulize kama kweli jina lake ulilisikia."

Nikasikia mlango unafunguliwa, na sauti ya Djamila, karibu kabisa na telefone, inauliza, "Amesema nini?"

"Iliasi," alinong'ona Soraya, "yuko mbele yangu. Nimwambie nini?"